Mguu mmoja ukivimba ndani ya arobaini: mwongozo wa kujikinga na bonge la damu

Mzazi akitoka wodini kurudi nyumbani, iwe Mikindani, Nachingwea au Tandahimba, utaratibu unajulikana. Alale, akandwe maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, na kazi zote wafanye wengine. Malezi haya ni mazuri na hakuna sababu ya kuyavunja. Lakini siku hizo 40 ndizo siku ambazo damu ya mwanamke iko karibu zaidi kuganda ndani ya mishipa kuliko wakati mwingine wowote wa umri wake wa kuzaa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuilea arobaini huku miguu ikifanya kazi, namna ya kuutambua mguu ulioziba, na la kufanya siku hiyo hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya mzazi mwenyewe na kwa mama, mama mkwe au dada anayemuuguza, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaouona mguu kwanza.

Kwa nini damu inaganda

Mwili wa mjamzito unajiandaa mapema kwa ajili ya kutoka damu. Vitu vinavyogandisha damu vinaongezeka, ili kondo likibanduka mama asiishiwe damu. Mtoto akishazaliwa maandalizi hayo hayazimiki siku ile ile, yanachukua wiki 6 hivi kutulia. Wakati huo huo damu ya miguuni imekuwa ikipanda polepole kwa miezi, kwa sababu tumbo linakandamiza mishipa mikubwa ya nyonga. Kisha mishipa hiyo inachubuka wakati wa kusukuma au wa opresheni. Damu iliyo tayari kuganda, inayokwenda taratibu, kwenye mshipa uliochubuka: yakikutana hayo matatu, bonge linatengenezeka.

Kwa mjamzito na mzazi, mguu unaopatwa mara nyingi ni wa kushoto. Pale nyonga, ateri kubwa inayokwenda mguu wa kulia inapita juu ya vena inayorudisha damu ya mguu wa kushoto na kuibana. Kumbuka jambo hili unapoambiwa kwamba mguu "umelaliwa vibaya".

Bonge likibaki mguuni linauma na kuvimbisha. Hatari kubwa ni kipande kumeguka, kupanda na damu hadi moyoni, kisha kuziba mshipa wa mapafu. Hapo mtu aliyekuwa anaongea vizuri anaweza kuzimia ndani ya dakika chache.

Ukubwa wa hatari ni huu. Kati ya wanawake 10,000 wasio na mimba na wasiotumia vidonge vya majira, 1 hadi 5 hupata bonge kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge hivyo ni 3 hadi 9. Kwa wajawazito ni 5 hadi 20. Katika wiki 12 za mwanzo baada ya kujifungua, kwa hesabu hiyo hiyo ya mwaka, ni 40 hadi 65, na sehemu kubwa ya hao hupatwa katika wiki za mwanzo kabisa. Wengi hawatapata. Ila ni jambo linalozuilika, na anayelipata huwa amemshika mtoto mchanga mkononi.

Hatua ya 1: Jihesabu ungali kliniki

Usisubiri kuulizwa, kwa kuwa foleni ya kliniki ni ndefu na swali hili husahaulika. Mwambie mkunga ikiwa umewahi kupata bonge la damu, hata kama ni miaka 10 iliyopita, au ikiwa mama yako mzazi au ndugu yako wa tumbo moja amewahi. Hili ndilo zito kuliko yote, na liandikwe kwenye kadi.

Mengine yanayoongeza hatari ni sikoseli, umri zaidi ya miaka 35, kuwa umeshazaa mara 3 au zaidi, mimba ya mapacha, sigara, mishipa ya miguu iliyotuna na kujipinda, presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, kutapika hadi kukaukiwa maji, na kulazwa kitandani kwa siku nyingi kwa ugonjwa wowote. Uzito nao umo: mwanamke wa urefu wa sentimita 158 aliyekuwa na kilo 75 au zaidi kabla ya mimba yumo kwenye kundi hili.

Siku ya kujifungua orodha inaongezeka: opresheni, hasa ya dharura uchungu ukiwa umeshaanza, uchungu wa zaidi ya saa 24, kutoka damu zaidi ya lita 1, kuongezewa damu, homa ya uzazi. Opresheni peke yake inaongeza hatari karibu mara 4 ukilinganisha na kujifungua kwa njia ya kawaida.

Jambo moja dogo mara nyingi halitoshi kukupa dawa. Yakikusanyika mawili au matatu, uliza wazi kabla ya kuruhusiwa: "Daktari, mimi nahitaji sindano za kuzuia damu kuganda? Kwa siku ngapi?" Kuna wanaopewa kwa siku 10, wengine kwa wiki 6. Anayeondoka bila kuuliza huenda akaandikiwa panado na antibaiotiki tu.

Hatua ya 2: Wodini, saa za mwanzo

Aliyejifungua kawaida aketi na kusimama mapema kadiri anavyoweza, ndani ya saa 6 awe ameshatembea hata kwenda chooni, akishikwa mkono. Mara ya kwanza asiende peke yake; kizunguzungu baada ya kutoka damu ni cha kawaida.

Aliyefanyiwa opresheni kwa sindano ya mgongo hatahisi miguu kwa saa chache. Hapo hapo kitandani, ganzi ikianza kuachia, aanze kuchezesha vifundo: vidole vivutwe kuelekea usoni, hesabu 3, kisha visukumwe mbali kama anakanyaga pedali ya cherehani, hesabu 3. Mara 20 kila mguu, kila saa anapokuwa macho. Kigimbi ndicho pampu ya damu ya mguu. Kikijikunja kinaisukuma damu kwenda juu, kikilala damu inatulia. Kabla ya saa 24 kwisha awe ameshuka kitandani, isipokuwa daktari amekataza kwa sababu maalumu. Maumivu ndiyo yanayowafanya wengi wasishuke, kwa hiyo omba dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kushuka. Kujikaza bila dawa hakuna faida kama kunakufanya ulale siku 3.

Hatua ya 3: Arobaini yenye kutembea

Hapa ndipo nyumba inapookoa mtu au inapomkosesha.

Mzazi apumzike, lakini asilale mchana kutwa. Kila saa anapokuwa macho asimame na kuzunguka uani dakika 5. Kama mila ya nyumba inamtaka abaki ndani, atembee ndani, toka chumbani hadi ukumbini na kurudi mara kadhaa. Ndugu wamwachie kazi ndogo za kusimama, kama kumbadilisha mtoto, kukunja nepi na kwenda kujichotea maji ya kunywa. Wamkataze kubeba ndoo, kutwanga na kuinama shambani.

Anaponyonyesha, watu wengi hukaa mkekani miguu imekunjwa upande mmoja, mtoto analala pajani, na saa nzima inapita. Mkao huo unabana damu nyuma ya goti na kwenye kinena. Aegemee ukuta, anyooshe miguu, achezeshe vifundo kama alivyofanya wodini. Mtoto akilalia titi, mlaze. Usimwache pajani kwa kuhofia kumwamsha.

Maji: anayenyonyesha anahitaji vinywaji vya kufika lita 2.5 hadi 3 kwa siku, na joto la pwani ya kusini halisamehe. Uji, supu na chai vinahesabika. Njia rahisi ni kujaza chupa 2 za lita moja na nusu asubuhi na kuhakikisha jioni zimekwisha. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, maji hayajatosha.

Kufunga tumbo kwa kanga hakuna ubaya ikiwa mzazi anapumua bila shida na miguu haifi ganzi. Kisifungwe kitu chochote kwenye paja au kigimbi: si kamba, si bandeji iliyokazwa, si soksi yenye mpira mkali unaoacha alama. Kama daktari ameagiza soksi maalumu za kubana mguu, zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba, na sehemu ya juu isikunjwe. Ile mikunjo inabana kama kitanzi, na soksi iliyowekwa isaidie damu ipande inageuka kuizuia.

Na kukanda. Kukanda mgongo na mabega kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kunampa mzazi raha. Mguu uliovimba, unaouma au wenye joto kuliko mwenzake usikandwe, usichuliwe, usipakwe mafuta ya kusugua, wala usichanjwe chale. Bonge jipya limeshikilia mshipa kwa udhaifu. Mkono wenye nguvu unaweza kulibandua na kulipeleka mapafuni. Chale nazo zinaleta maambukizi, na mgonjwa akianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, vidonda hivyo vinatoka damu bila kukata. Anayekanda huwa anafanya kwa mapenzi, kwa hiyo aambiwe mapema, kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 4: Pima mguu kwa futi

Miguu yote miwili kuvimba kidogo jioni, mwishoni mwa mimba au wiki ya kwanza baada ya uzazi, ni kawaida. Ikiambatana na kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba na ni safari ya hospitali pia. Bonge la damu lina sura nyingine: mguu mmoja, kwa saa au siku chache.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mzazi aketi kwenye kiti, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Papasa chini ya pia ya goti, utakuta kifundo cha mfupa mbele ya muundi. Kutoka hapo shuka sentimita 10, weka alama kwa kalamu. Zungusha futi mahali pa alama, iguse ngozi bila kuibana, andika namba. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili. Tofauti ya sentimita 3 ni ya kutiliwa maanani kwa mwanamke yeyote. Kwa mjamzito hata 2 zinatosha kumpeleka. Kama hamna futi, tumia uzi: zungusha, kata mahali unapokutana, kisha linganisha nyuzi mbili kwenye rula ya mtoto wa shule.

Kisha tumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la vigimbi viwili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia badala yake ngozi iliyovutika ikang'aa, rangi iliyokolea kuliko mguu wa pili, au kidole kinachoacha shimo upande mmoja tu. Maumivu ya bonge huwa kama mkazo wa misuli usioachia, na huzidi akisimama. Msiukunje unyayo kwa nguvu ili "kujaribu" kama unauma. Kipimo hicho cha zamani hakiaminiki.

Futi ina upungufu mmoja. Kwa wajawazito bonge mara nyingi linakaa juu, kwenye paja au nyonga. Kigimbi kinaweza kuwa sawa kabisa wakati mama analalamika kinena, tako, kiuno au upande wa chini wa tumbo kwa upande mmoja, na paja limejaa. Malalamiko hayo yasipuuzwe kwa sababu futi imesema sawa.

Huku kwetu kuna kosa jingine, la kudhani ni matende. Mikoa ya Lindi na Mtwara imeishi na ugonjwa huo kwa vizazi, na mguu mkubwa haushangazi mtu. Tende linakuja kwa miezi na miaka, ngozi inakuwa nene na ngumu. Mguu uliokuwa mwembamba Jumatatu ukajaa Jumatano si tende. Vilevile wapo watakaosema amekanyaga kitu alichotegewa. Mnaotaka kumwombea mwombeeni, huku gari limeshaitwa.

Hatua ya 5: Siku ya dalili

Mguu mmoja umevimba na unauma: hospitali siku hiyo hiyo, si kesho baada ya mnada wa korosho. Zahanati inaweza kuandika rufaa, lakini kipimo kinachohitajika ni cha ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Piga simu au ulizia kabla ya kusafiri kama mtaalamu wa kipimo yupo siku hiyo, iwe ni Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Mpimaji hubonyeza mshipa kwa kifaa chake: mshipa mzima unajikunja, ulioziba haujikunji. Kikitoka safi na dalili bado zipo, kirudiwe ndani ya wiki. Kipimo kinaposubiriwa, daktari anaweza kuanza sindano kwa kushuku tu, na hilo ni sahihi.

Kuna kipimo cha damu kinachoitwa di-daima (D-dimer), kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda. Kwa mjamzito na mzazi hupanda chenyewe, kwa hiyo kikiwa juu hakithibitishi kitu. Msikubali kitumike peke yake.

Dalili za mapafu ni dharura ya dakika: pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma anapovuta pumzi, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, kukohoa damu, kuzimia. Piga 115 bila malipo, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Mkalishe ameegemea, asitembezwe, asipakiwe bodaboda kama kuna gari. Mtoto aende naye, na kadi zote mbili za kliniki.

Mfikapo, sema maneno haya mapokezi: "Amejifungua siku kadhaa zilizopita, mguu mmoja umevimba, tunahofia bonge la damu." Pumzi fupi peke yake hutibiwa kama malaria, nimonia au upungufu wa damu, na saa zinapotea.

Sindano nyumbani

Sindano ya kuzuia damu kuganda inayotumika sana ni enoksaparini. Kwa kinga, mwanamke wa kilo 50 hadi 90 kwa kawaida huandikiwa miligramu 40 mara 1 kwa siku. Ya tiba ni kubwa zaidi na huhesabiwa kwa uzito. Haipiti kwenye kondo, na anayenyonyesha anaendelea kunyonyesha.

Nawa mikono. Lala au keti ukiegemea, chagua upande wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni na mbali na kidonda cha opresheni. Kile kiputo cha hewa kwenye sindano iliyojazwa tayari usikitoe. Ukikitoa unamwaga na dawa. Bana ngozi kwa vidole viwili, choma wima sindano iingie yote, sukuma taratibu, chomoa, ndipo uachie ngozi. Usisugue, maana ndiko kunakoacha alama kubwa ya damu. Kesho choma upande wa pili. Sindano iliyotumika itupwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na kurudishwa zahanati. Dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25, isigande. Chini ya bati mchana wa Novemba hapafai, wala dirisha la basi. Iweke mahali pa kivuli penye ubaridi, na uliza duka la dawa namna ya kuihifadhi.

Bonge lililothibitishwa hutibiwa angalau miezi 3, na kwa mjamzito hadi mwisho wa mimba na angalau wiki 6 baada ya kujifungua. Mguu kupungua wiki ya pili si sababu ya kuacha.

Baada ya kujifungua wengine huhamishiwa warfarini, dawa ya vidonge ya kuzuia damu kuganda. Hiyo hairuhusiwi kwa mjamzito, ila kwa anayenyonyesha ni salama. Inahitaji kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, lengo likiwa kati ya 2 na 3. Kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini K inayopunguza nguvu yake. Huna haja ya kuviacha, kula kiasi kile kile kila wiki. Tatizo ni kukaa wiki mbili bila mboga kisha kula kisamvu siku tano mfululizo. Dawa za TB hushusha nguvu ya warfarini, flajili na septrini huipandisha, na diklofenaki na aspirini zinaongeza kutoka damu. Kinyesi cheusi, fizi zinazotoka damu au pedi inayojaa kwa saa moja: rudi hospitali.

Uzazi wa mpango baada ya hapo

Homoni yenye shida ni estrojeni, iliyomo kwenye vidonge vya majira vya kawaida. Asiyenyonyesha asivianze kabla ya siku 21, na mwenye mambo mengine ya hatari asubiri wiki 6. Anayenyonyesha kwa kawaida husubiri miezi 6. Aliyewahi kupata bonge asivitumie tena maishani, na vivyo hivyo mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona miale, au mvutaji mkubwa wa sigara aliyefika miaka 35, kwa hofu ya kiharusi.

Kitanzi cha shaba hakina homoni na hakiongezi hatari kabisa. Kijiti na vidonge vya wanaonyonyesha havina estrojeni na vinakubalika kwa wengi, hata waliowahi kupata bonge, baada ya tiba kutulia. Usiache njia unayotumia kwa woga kabla ya kupata nyingine: angalia tena zile namba za juu, mimba isiyopangwa ina hatari kubwa kuliko kidonge.

Safari ya Dar es Salaam

Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima kwenye kiti. Ndani ya wiki 6 za uzazi, iahirishwe ikiwezekana. Isipowezekana, kata siti ya upande wa njia na usiweke mizigo miguuni. Chezesha vifundo kila nusu saa. Basi likisimama Nangurukuru shuka utembee hata kama huna njaa. Wanawake wengi hawanywi maji safarini kwa kukwepa kuchimba dawa porini. Kunywa kidogo kidogo, na mwambie kondakta mapema kwamba una mtoto mchanga na utahitaji kushuka. Hata wabanguaji wa korosho wanaokaa kwenye kigoda tangu asubuhi wafuate utaratibu ule ule wa kusimama kila saa.

Mimba inayofuata

Aliyepata bonge aende kliniki mara tu anapogundua ni mjamzito, asingoje tumbo lionekane. Sindano za kinga mara nyingi huanza miezi 3 ya mwanzo. Aliyekuwa bado anatumia warfarini abadilishiwe kabla ya wiki ya 6, kwa sababu kati ya wiki ya 6 na ya 12 dawa hiyo inaweza kumharibu mtoto. Kama cheti cha zamani kimepotea, andika kwenye karatasi mwaka, mguu uliopatwa, dawa na muda uliotumia, uibandike nyuma ya kadi mpya.